Sharti la Nne

Watu wa milimani hawana ugomvi na maji. Kwao maji ni ya kuchota, ya kupikia, ya kuogea nyuma ya nyumba, na ya kusubiriwa yashuke kutoka juu wakati wa kupanda maharage. Kuingia ndani yake mwili mzima, kwa hiari yako, hilo waliliona jambo la watu wa ziwani, yaani sisi, ambao hawakutuhesabia akili nyingi. Mimi nilizaliwa Ujiji. Nilijua kuogelea kabla sijajua kufunga vifungo vya shati, na nilikuwa na kiburi nako. Nalisema hili mapema ili msomaji asije akanionea huruma mahali nisipostahili.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa kibarua wa wazamiaji bandarini Kigoma. Hao walikuwa watu wa kushuka chini ya meli na mitungi ya hewa mgongoni, kukagua tumbo la meli, kutafuta nanga iliyokatika, mara nyingine kutafuta maiti. Mkubwa wetu alikuwa mzee mkali wa maneno machache. Hakuruhusu mtu auguse mtungi wa hewa kabla hajatimiza masharti manne ya maji, tena bila mtungi, bila mapezi ya miguuni, na kaptula tu. La kwanza, kuogelea mita mia nne bila kushika kitu. La pili, kuelea mahali pamoja robo saa, na dakika mbili za mwisho mikono iwe juu. La tatu, kupiga mbizi na kuibuka na tofali lililotupwa chini. La nne, kumkokota mtu aliyejilegeza kama maiti mita mia nzima, uso wake usiguse maji hata mara moja. Ukikosea moja, unaanza yote upya. Mzee alikuwa akituambia kwamba mwili ukishaingia majini hausikilizi tena ulichoambiwa, unafanya kile tu ulichokizoea. Kwa hiyo hakutaka maelezo, alitaka uzoefu. Nililishika neno hilo na kulirudia kwa wengine miaka mingi, hata pale ambapo mimi mwenyewe sikulifuata.

Mwaka wangu wa tatu nilizamia nikiwa na mafua, kwa ubishi tu, na sikio langu la kushoto likapasuka. Daktari akasema kuzamia basi. Nikawa mzamiaji asiyezamia, mtu wa kukunja kamba na kusikiliza wengine wakisimulia walichokiona chini. Kwa hiyo barua ilipotoka Kasulu kwamba wanatafuta mtu wa kuwafundisha wapiga kafi kuogelea na kuokoa, nilikuwa wa kwanza kunyoosha mkono.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Wakati ule watu walikuwa wamehamishiwa kwenye vijiji vipya. Kimoja kilijengwa upande wa Kibondo wa mto Malagarasi, lakini migomba na mihogo ya zamani ya watu wake ilibaki upande wa Kasulu. Daraja lilikuwa mbali sana kwa mtu wa miguu mwenye mzigo kichwani. Basi watu wakawa wanavuka kwa mitumbwi asubuhi na jioni, wengi kuliko zamani. Masika moja kabla sijafika, mtumbwi ulipinduka katikati. Mpiga kafi mwenyewe hakujua kuogelea, akafa pamoja na abiria wake. Ndipo ofisi ikaamua kwamba kuanzia masika yajayo hakuna atakayeshika kafi kwenye kivuko kile bila cheti.

Nami nilikuwa wa muda. Niliambiwa waziwazi kwamba wapiga kafi sita wakifaulu mbele ya mkaguzi, na kivuko kikipita masika bila matata, nitaajiriwa moja kwa moja na kupewa nyumba. Nilikuwa na mke na mtoto mchanga Ujiji kwa mama yangu. Niliitaka nyumba ile.

Mtoni kulikuwa na mamba, hivyo mazoezi tuliyafanya kwenye shimo kubwa walikochimba kifusi cha barabara, likajaa mvua. Siku ya kwanza wanafunzi wangu sita walikuja na makoti. Mmoja aliuliza kama cheti kinaweza kutolewa kwa mtu anayejua kusali vizuri. Wa pili alipoona nimelala chali juu ya maji, nimekunja mikono kifuani, alirudi nyuma akasema hiyo si bure, kuna dawa. Niliwacheka mpaka nikakohoa. Lakini walikuwa watu wa kazi, mabega yao yalishapikwa na kafi, na baada ya wiki tatu wote walikuwa wanakata maji.

Aliyewapita wote alikuwa mwanamume mmoja mrefu wa umri wa miaka thelathini hivi, mtaratibu wa kusema, aliyeoa katika kijiji hicho cha ng'ambo. Mpaka leo sijaona mtu aliyejifunza maji haraka namna ile. Alikuwa anauliza, kisha anafanya, kisha anarudia peke yake wenzake wakiwa wanavaa. Nilimpenda kama mtu anavyompenda mwanafunzi anayemfanya aonekane mwalimu mzuri. Tulikuwa tunataniana.

"Mwalimu, nyie wa Ujiji mnaogelea kwa sababu mmeshindwa kulima," alikuwa akiniambia.

"Na nyie mnalima kwa sababu mnaogopa kunawa," nilimjibu.

Sharti la nne ndilo lililowapa taabu, wala si kwa ugumu wake. Namna tuliyofundishwa bandarini, unamjia anayezama kwa nyuma, kwa sababu ukimjia mbele atakukumbatia mzame wote wawili. Mkono wako unapita juu ya bega lake, unakatiza kifua, unashika chini ya kwapa la pili. Mgongo wake unalala juu ya kifua chako, na nyonga yako inaingia chini ya kiuno chake kumwinua. Hakuna njia ya kulifanya hilo kwa mbali. Wanaume wale walikuwa wakishikana hivyo wanaangua kicheko, wanaitana mke wangu, mume wangu. Niliwaacha wacheke. Tulizoea sisi kwa sisi, wanaume sita na mimi wa saba, tukipokezana kuwa maiti.

Sasa niseme juu ya yule mama. Mkwe wa mwanafunzi wangu, mama wa mkewe, alikuwa akivuka karibu kila siku kwenda kwenye migomba yake. Mwanamke mfupi, mwepesi, jicho moja lilishaanza kuingia utando. Kwa desturi ya pale, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawashikani mikono, hawagusani kabisa. Wakikutana njiani mmoja anaingia majanini mwingine apite. Heshima hiyo ilikuwa nzito kwao kuliko sheria yoyote ya ofisi. Basi mama yule akifika ufukoni akakuta zamu ni ya mtumbwi wa mkwewe, aligeuka akaanza kutafuta kitu kwenye kikapu chake, kitu ambacho hakikuwahi kupatikana, mpaka mtumbwi wa pili ufike. Mkwewe naye aliyatazama maji kama aliyeyaona kwa mara ya kwanza. Akiwa na neno la kumwambia alimpitishia mtu wa tatu: "Mwambieni mama mvua inakuja, asichelewe kurudi." Mama alikuwa amesimama hatua nne kutoka hapo na amesikia vizuri.

Mimi nililiona jambo la kuchekesha. Siku moja, mbele ya wote, nikamtania: "Siku mkweo akizama, utamtuma nani amwambie ashike kamba?"

Wenzake walicheka. Yeye hakucheka. Alinitazama kidogo, akaingia majini kurudia mazoezi yake, nami nikadhani amenuna.

Siku ya tatu baada ya hapo alinijia jioni nilipokuwa nakoka moto. Alivua kofia, akaisokota mikononi. Tulisalimiana kwa kirefu kama kawaida ya kwao, habari za nyumbani, za watoto, za mihogo, mpaka nikaona subira inaniishia.

"Mwalimu, ninaomba siku kumi," akasema.

"Siku kumi za nini? Mkaguzi anakuja Alhamisi ijayo."

"Yego, ndiyo, najua. Kuna pombe ukweni kwangu. Lazima niwepo."

Mimi ni Mwislamu, mtoto wa Ujiji, na niliposikia neno pombe mlango wa masikio yangu ulijifunga, hata lile sikio zima. Nilimwambia kwamba nimekesha nao wiki sita, na sasa mkaguzi anatoka mkoani, yeye anataka kwenda kulewa.

"Pombe hiyo si ya kunywa tu, Mwalimu."

"Kumbe ya kuogea?"

Aliinamisha macho. "Mengine siwezi kuyasema mimi. Ukiuliza wazee watakwambia."

Sikuuliza wazee. Sikuuliza mtu. Nilimwambia achague moja, cheti au pombe, kwa sababu asiyekuwepo Alhamisi hatashika kafi, na nafasi yake nitampa mwingine. Aliisokota kofia mpaka ikawa kamba. Mwishowe akasema, "Haya, Mwalimu. Nitakuwepo." Na usiku ule nililala usingizi mzuri, nikijisifu kwamba nimemwokoa mtu na ulevi.

Mkaguzi alikuja na mwavuli na kiti chake mwenyewe. Aliketi kando ya shimo, viatu vimefutwa vumbi, akawa anasoma sharti moja moja kwenye karatasi na kutazama saa. Wote sita walifaulu. Yule mrefu alifaulu hata ikawa aibu kwa wenzake. Tofali alilipata kwa mbizi ya kwanza. Kwenye sharti la nne alimkokota mwenzake mnene kuliko wote mita mia, na alipomfikisha ukingoni nywele za yule mnene zilikuwa zimelowa kisogoni tu. Mkaguzi alisimama akampigia makofi. Akaniuliza nilijifunza wapi kufundisha hivyo, nikamwambia bandarini, nikasikia utamu mpaka kwenye vidole vya miguu.

Kisha nikapanga zamu za masika. Nilizipanga kwa ukali: hakuna ruhusa, hakuna kubadilishana, mpaka mvua zikatike. Yule mrefu hakuomba tena siku zozote.

Masika yakaja vibaya. Mto ulipanda mpaka ukameza jiwe tulilokuwa tukifungia mitumbwi, maji yakawa mekundu, yanabeba matete, magogo, siku moja hata paa la kibanda zima. Nikaagiza mitumbwi ivuke asubuhi tu mkondo ukiwa umepoa kidogo, na abiria wasizidi watano. Niliketi kila siku upande wa Kasulu na kamba mkononi.

Asubuhi ile yule mama alikuwa anakwenda Kabanga hospitali kwa ajili ya macho. La pili nalo lilikuwa limeanza. Binti yake, yaani mke wa mwanafunzi wangu, alimsindikiza mpaka ufukoni upande wa Kibondo, akamkabidhi kwa jirani aliyekuwa anavuka. Mama alipanda mtumbwi wa pili, si wa mkwewe, kama siku zote. Mkwewe alikuwa ametoka upande wangu na mtumbwi mtupu, anakwenda kuwachukua waliobaki. Mitumbwi miwili ilikuwa inapishana katikati ya mto, na kama desturi yake, mama aligeuzia uso upande mwingine.

Gogo lilikuja kwa huko alikotazama. Ama hakuliona kwa yale macho, ama aliliona akafikiri ni kivuli. Lilipiga mtumbwi ubavuni, ukapinduka mara moja, na watu wote sita wakawa majini.

Mpiga kafi wa mtumbwi ule, yule aliyeuliza habari za kusali, alifanya kila nilichomfundisha. Alimshika mtu wa kwanza akamtia mikono kwenye tumbo la mtumbwi uliopinduka, akamrudia wa pili. Wengine wawili waliushika wenyewe. Mama peke yake mkondo ulimchukua. Kitenge chake kilikuwa kimejaa hewa kikimbeba, alikuwa anazunguka polepole.

Mkwewe alisharuka. Nilikuwa naingia majini mimi pia, lakini nilikuwa mbali, na nilimwona akikata mkondo kwa mshazari kama nilivyomfundisha, akimfikia kabla hata sijafika magotini. Nilipiga kelele, "Nyuma! Mjie nyuma!" Wala hakuhitaji kuambiwa, alishafika nyuma yake. Nitalisema hili kwa sababu ni kweli: dakika ile nilifurahi. Nilisema moyoni, huyo mwanafunzi wangu.

Akasimama pale. Sina neno jingine. Alikuwa anaelea mahali pamoja, sharti la pili, urefu wa mkono mmoja kutoka mgongoni kwa mama. Niliona mkono wake unatoka majini, unafika karibu na bega, unarudi. Ukatoka tena, ukarudi. Kisha akavua shati, mle mle majini, akalirusha upande wake ili mama ashike mkono wa shati naye aushike mwingine. Alikuwa anaita, "Mama, shika! Mama, shika!" Hiyo ndiyo mara ya kwanza watu walimsikia akisema naye moja kwa moja. Wa ng'ambo walisema baadaye kwamba mama aliisikia sauti, akajua ni ya nani, akajivuta mbele ili asiguswe. Mimi sikuliona hilo. Niliona tu kitenge kikitoa hewa yake yote, kikazama.

Alipiga mbizi. Akaibuka, akapiga tena, akaibuka, akapiga tena. Ya nne alitoka naye. Alikuwa amemshika sasa, mkono umekatiza kifua, kwapa limekamatwa, uso wa mama uko juu ya maji, kila kitu mahali pake. Nilipowafikia tulimleta ukingoni pamoja. Nilimlaza, nikampulizia pumzi, nikamkandamiza, nikampulizia, mpaka wanawake wakaanza kulia na mzee mmoja akanishika begani kuniambia inatosha. Mkwewe alikuwa ameshamfunika miguu kwa lile shati. Alikwenda hatua ishirini hivi kutoka pale, akaketi chini, ametupa mgongo.

Wiki moja baada ya mazishi ofisi iliitisha kikao kwenye banda la kijiji. Aliyekiongoza, mkubwa wa ofisi ya Kasulu, alikuwa mzaliwa wa mkoa mwingine kabisa, mtu mwenye haki na mwenye haraka. Aliniita mbele.

"Ndugu Mwalimu, huyu alitimiza masharti ya kuokoa?"

"Yote manne, Ndugu."

"Kwa hiyo alikuwa na uwezo wa kumwokoa marehemu."

"Alikuwa nao."

"Basi kwa nini hakumwokoa?"

Nilijua. Si yote, lakini nilijua ya kutosha. Nilikuwa nimemtazama mama yule akipekua kikapu kitupu miezi minne. Lakini niliona swali linalofuata likija: nawe Mwalimu, ulijua, ukafanya nini? Nikasema, "Hilo aulizwe mwenyewe."

Akaulizwa mwenyewe. Alisimama, mikono imeshikana mbele, akatazama chini. Akaulizwa tena. Hakujibu neno. Wazee waliinamisha vichwa na hakuna hata mmoja aliyefungua kinywa. Ikaandikwa uzembe. Alinyang'anywa cheti na kafi, na likatangazwa jina lake ili vivuko vingine visimpokee.

Nilikaa wiki nyingine nikijiambia kwamba sikusema uongo. Ni kweli, hakuna neno moja la uongo katika yote niliyoyajibu. Nimeishi na ukweli huo na ninaijua harufu yake. Mwishoni nilishindwa kukaa, nikanunua sukari na sabuni, nikavuka kwenda kuhani nyumbani kwake.

Mkewe alikuwa uani anamenya mihogo. Alinipa kigoda, akapokea nilichobeba kwa mikono miwili. Nikampa pole, akaitikia. Nikauliza alipo mumewe.

"Amekwenda Uvinza, kwenye chumvi. Hakusema atarudi lini."

Alimenya mhogo mzima. Kisha akaniuliza, bila ukali wowote, na laiti angeuliza kwa ukali, "Mwalimu, kwa nini ulimnyima zile siku?"

"Siku zipi, shemeji?"

"Za pombe."

Nikamwambia nilidhani ni za kunywa. Akaniangalia kama mtu anayejaribu kuelewa lugha ya mgeni, halafu akanieleza, taratibu, akisimamisha kisu kila mara. Kwao mwiko wa mkwe si ukuta usio na mlango. Ukiwapo ulazima, kama ugonjwa ambao mkwe ndiye wa kumbeba mama, mwiko unafunguliwa. Mkwe analeta jembe jipya na pombe ya ndizi inapikwa. Mjomba wa mama anakuja, anamimina kidogo chini, anasema maneno yake. Mama anakunywa, anampa mkwe anakunywa. Halafu mbele ya watu wote mama anampa mkono, mkwe anaushika. Basi. Tangu hapo anaweza kumbeba hata mgongoni, hakuna wa kusema.

"Ulimwambia neno kule kwenye shimo," akaendelea. "Kwamba mama akizama itakuwaje. Wenzake walicheka, yeye alikuja nalo nyumbani. Hakulala. Akaniambia, mwalimu amesema kweli, mwili wangu haujazoea, siku hiyo utakataa. Nikampelekea mama. Mama akasema mkwe wangu ana akili, akakata ndizi siku ile ile akazivundika. Jembe mume wangu alishalinunua Kasulu. Mjomba alitoka Heru Juu kwa miguu, mtu mzima yule. Akakaa siku tatu hapa, mkwe hayupo, yuko kwenu anamngoja mkaguzi. Pombe ikachacha, wakanywa majirani. Mjomba akarudi kwake. Tukasema, basi, baada ya mavuno."

Nililia mbele ya mwanamke yule, mimi mwanamume mgeni, naye akaendelea kumenya ili asinitazame.

Nilipopata sauti nilimwuliza kwa nini mumewe hakulisema hilo kikaoni. Maneno hayo tu yangemtoa.

"Angesema nini, Mwalimu? Kwamba alishindwa kuushika mwili wa mama mkwe wake? Mbele ya wanaume, mama hajamaliza siku kumi kaburini?" Alitikisa kichwa. "Hilo nalo halisemwi. Alinyamaza kwa heshima yake. Alijua wewe utalisema. Wewe ni mgeni, kinywa chako hakifungwi na mwiko wetu. Tulikaa wote pale tukikusubiri."

Nilimwahidi nitalisema. Nilimwahidi nimesimama, mkono kifuani. Akasema asante, akanipa mihogo nirudi nayo.

Kesho yake nilidandia lori la maharage hadi Kasulu. Njia nzima nilikuwa nayapanga maneno, nikianza na mwiko, kisha jembe, kisha mjomba, kisha zile siku kumi nilizozikataa mimi. Nilitaka yule mkubwa wa ofisi aandike upya, afute neno uzembe, amrudishie mtu jina lake. Nilifika ofisini kabla ya saa sita. Mlango ulikuwa wazi na yule bwana alikuwa ndani peke yake, hana hata mgeni mmoja.

"Karibu, Mwalimu," akasema kwa furaha. "Umeshasikia, eh? Imefika jana." Akafungua mtoto wa meza, akatoa barua yangu ya ajira, akaifungua akaiweka mbele yangu. Kazi ya kudumu, na nyumba ya vyumba viwili karibu na mto. Akasema mkoani wamenisifu sana, kwamba masharti yangu ni mazuri, kosa lilikuwa la mtu.

Alinipa kalamu. Nilitia saini mahali aliponionyesha, nakala zote tatu. Akaniuliza kama kulikuwa na jambo jingine lililonileta.

Nikamwambia hakuna.